Kuku wakianza kufa, usimwite mnunuzi kwanza

Huku kwetu kando ya ziwa, kuku wakianza kusinzia na kushusha mabawa, simu ya kwanza humwendea mnunuzi. Anafika na bodaboda, anawafunga miguu, anawaning'iniza kwenye usukani vichwa chini, na kabla ya magharibi wameshatawanyika sokoni Kibuye, hotelini na kwenye maboma ya watu. Mwenye kuku ameokoa senti kidogo, na ugonjwa umepata usafiri. Nafuga kuku wa kienyeji na bata viungani mwa Kisumu, na kwa wafugaji wenzangu nina ombi moja kuhusu homa ya ndege: simu hiyo ya kwanza iende kwa afisa wa mifugo wa wadi.

Wapo wanaosema huo ni ugonjwa wa Wachina. Ni kweli virusi vya homa ya ndege vya H5N1, ukoo huu wa sasa, vilitambuliwa kwa bata bukini huko Guangdong mwaka wa 1996. Lakini Januari 2017 ndege wa porini walikutwa wamekufa Lutembe, karibu na Entebbe, ufuoni mwa ziwa hili hili letu. Wengi wao walikuwa membe, wale wageni wanaokuja huku wakikimbia baridi ya kaskazini. Vipimo vilionyesha H5N8, ndugu wa H5N1, na kuku na bata wa nyumbani nao wakakutwa na ugonjwa. Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka Uganda. Sawa, lori utalizuia Busia. Membe utamzuia wapi?

Ndiyo maana ufuatiliaji hauwezi kuachiwa maabara peke yake. Unaanza na wewe, na daftari la shule la bei ya chini. Langu nimelitundika kwa kamba kwenye msumari wa mlango wa banda: tarehe, kuku wangapi, waliokufa, mayai, maji. Hiyo safu ya maji watu huidharau, na kwangu ndiyo inayosema mapema kuliko zote. Dumu ambalo siku zote humalizika alasiri likibaki nusu jioni, kuna jambo, hata kama kuku bado wanatembea. Mayai yakipungua ghafla au yakitoka na ganda laini, vivyo hivyo. Namba ya afisa wa wadi iandike kwenye jalada la hilo daftari, maana siku ya mkasa anayekuwa nyumbani mara nyingi ni mtoto au kijana wa kazi.

Sasa, kideri (Newcastle) na homa ya ndege hufanana mno. Shingo kupinda, kuhara, kukohoa, vifo vya kufuatana. Kichwa kuvimba, upanga na ndevu kugeuka rangi ya zambarau, damu kuvilia kwenye miguu. Mtu akikuambia anazitofautisha kwa macho, mshukuru kisha umwite daktari. Kwangu alipokuja, alivaa glavu na barakoa, akapitisha kijiti cha pamba kooni mwa kuku, kingine kwenye tundu la kinyesi, akavitia kwenye vichupa vyenye maji ya rangi ya waridi na kuviweka ndani ya kisanduku cha barafu. Majibu yalirudi kuwa ni kideri. Jirani akacheka kwamba nimewasumbua watu bure. Mimi naona vingine: jibu la "siyo" ni jibu kamili, na bila sampuli kama hizo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni nini kinaua kuku wa kaunti hii.

Najua hofu iliyopo. "Wakigundua, wataniulia kuku wote." Hofu hiyo si ya kijinga, ugonjwa ukithibitishwa, kundi huangamizwa, na hasara hiyo inauma. Lakini aina kali ya homa hii inaweza kumaliza karibu banda zima ndani ya saa 48, kwa hiyo unachokilinda kwa kunyamaza hakipo. Isitoshe, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inakutaka utoe taarifa.

Bata ndio wanaonipa wasiwasi. Bata anaweza kubeba virusi na kuvimwaga kwenye kinyesi huku akiogelea na kula vizuri tu. Kwa hiyo bata wakiwa wazima na kuku wanakufa, usijifariji kwamba ni sumu. Wangu nimewatenga kwa waya, na maji ya bata hayafiki kwa kuku. Kuku wa kununua sokoni nao wanakaa peke yao wiki mbili kabla ya kuchanganyika na wengine.

Halafu inua macho uangalie nje ya banda. Pale omena inapoanikwa, yangeyange na korongo hushinda wakidokoa. Korongo mmoja kufa Kisumu si habari. Ndege kadhaa wa aina moja kufa mahali pamoja ndani ya siku chache, hiyo ni habari: usiwaguse, piga picha, kumbuka mahali, mwambie afisa wa mifugo au KWS, shirika la wanyamapori. Angalia na paka wako. Marekani, tangu Machi 2024, virusi vya H5N1 vimeingia hata kwa ng'ombe wa maziwa, na paka waliokunywa maziwa mabichi wakafa. Paka akianza kuyumba baada ya kuku kufa, litaje hilo pia.

Kuku aliyejifia asichinjwe wala asitupwe mtoni. Afisa akichelewa, mfunike, zuia mbwa na watoto, nawa kwa sabuni. Na ukipata homa au kifua wiki moja au mbili baada ya kuwashika kuku waliokufa, huko zahanati anza na habari ya kuku. Usiposema, kwetu huku kila homa ni malaria.