Baridi yabisi ya vidole, moyo unapimwa wa nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu, miaka 58, ana baridi yabisi ya viungo, huu mwaka wa tisa. Anameza methotreksati kila Jumapili, na diklofenaki ya miligramu 50 asubuhi, mchana na jioni. Kliniki wamemwandikia vipimo vya moyo. Vidole na moyo wapi na wapi? Jirani anashauri achomwe penisilini kila mwezi kama mwanawe. – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Penisilini haitamsaidia, jina ndilo linalochanganya. Mtoto wa jirani huenda ana homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo na kuharibu vali za moyo. Sindano humkinga isirudi. Ya mama ni nyingine kabisa: kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe.

Shambulio hilo huleta mchochota, yaani uvimbe, joto na maumivu, na hauishii vidoleni. Kemikali zake husafiri na damu, hujeruhi kuta za ndani za mishipa, mafuta yakanasa hapo, mishipa ikaziba mapema. Ndiyo maana mwongozo wa Ulaya huagiza hatari ya moyo iliyokadiriwa kwa mgonjwa kama huyu izidishwe mara 1.5. Kolesteroli, yaani mafuta ya kwenye damu, nayo hudanganya: mchochota ukiwaka, hushuka. Ipimwe viungo vikiwa vimetulia.

Kinachonitia hofu hasa ni diklofenaki. Miligramu 150 kila siku huongeza uwezekano wa shambulio la moyo, hupandisha presha, hubakiza maji mwilini na kuumiza figo. Hutuliza maumivu tu, ugonjwa haiuzuii. Abebe vidonge vyote kliniki, hata vya duka la dawa, waangalie namna ya kumpunguzia. Methotreksati asiiache, maana ndiyo inayozima mchochota. Ila ibaki mara moja kwa wiki. Ikimezwa kila siku kwa makosa, uboho hushindwa kutengeneza damu, na watu hufa.

Presha ipimwe akiwa ameketi dakika 5, mkono mezani usawa wa moyo. Ikirudia kufika 140/90, daktari aambiwe.

Halafu maumivu ya bega, ambayo huweza kutoka moyoni. Aliyezoea maumivu husingizia baridi yabisi kwa kila kitu. Bega lenye ugonjwa wa viungo huuma likisogezwa. Linalouma akipanda ngazi na kutulia akisimama, hilo ni la kupeleka kliniki upesi. Likija na kifua kubana, jasho jembamba au pumzi kukatika, hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na kifua kinachochoma akilala chali, kikapungua akiketi na kuinama mbele, huashiria utando wa moyo umevimba. Naye apelekwe siku hiyohiyo.