Mwenye nyumba yuko Lamu, nyumba iko kwenye theluji

SWALI: Mwanangu anaishi Minneapolis, Marekani. Wiki ijayo anakuja likizo, na huko imetabiriwa dhoruba ya theluji. Anahofia mabomba ya maji nyumbani kwake. Afanye nini kabla ya kufunga mlango? – Mzazi, Langoni, Lamu

JIBU: Hofu yake ina msingi, mama. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Barafu ikishaziba bomba, maji yaliyonaswa kati yake na mfereji uliofungwa hubanwa mpaka bomba lipasuke. Hasara huonekana barafu ikiyeyuka: maji humwagika siku nzima na mwenyewe hayupo.

Afunge valvu kuu, kisha afungulie mifereji yote, amalizie ule wa chini kabisa, na avute maji ya choo mpaka tangi liishe. Ila kama nyumba hupashwa joto kwa maji yanayozunguka kwenye mabomba, amwulize fundi kwanza. Hita asiizime kabisa, hata kwa kubana matumizi. Aiache kwenye nyuzijoto 13 za Selsiasi au zaidi. Kabati za chini ya sinki ziachwe wazi, maana bomba lililopita ukuta wa nje ndilo huganda mwanzo. Na jirani apewe ufunguo: umeme ukikatika, hata hita nyingi za gesi huzima.

Kuhusu safari, ndege hunyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu kabla ya kuruka, na foleni yake huchelewesha. Tiketi ya Nairobi kuja Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, aikate ya kesho yake baada ya kutua Nairobi. Koti zito alivae ndani ya ndege. Sanduku alijazie nguo za pamba, Kaskazi ina joto.