Mama ana goita, kapewa dawa ya presha
Dada dawa haijakosewa, umeuliza kwa nini mama ana goita halafu kaandikiwa propranololi ambayo jirani yako anamezea presha. Goita ni tezi ya shingoni kuvimba, na homoni ya tezi hiyo ikizidi moyo unakimbia hata mtu akiwa amekaa tu, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika kwenye kisahani, na ikiachwa hivyo mapigo yanaweza kuvurugika kabisa. Sasa propranololi inautuliza moyo ndani ya masaa, kabimazoli ndo inapunguza homoni yenyewe ila inachukua wiki kadhaa, ndo maana wengi wanapewa zote mbili. Mama ana pumu? Kama anayo mwambieni daktari leo leo maana propranololi inabana kifua hiyo. Na asiiache ghafla eti kajisikia poa.