Imeji ya Docker kwenye klasta ya chuo

Ndugu, umeuliza ufanyeje na imeji yako ya Docker, yaani kifurushi cha programu na vyote inavyohitaji, baada ya kukataliwa kwenye klasta ya chuo (kompyuta nyingi zilizounganishwa): usiitupe. Klasta inakataa Docker yenyewe: huduma yake kwa kawaida huendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, na kwenye mashine ya watu wengi ukimruhusu mtu aitumie umemkabidhi funguo zote. Tumia Apptainer, ile iliyoitwa Singularity hadi 2021. Huendesha kontena, yaani imeji ikiwa kazini, kwa akaunti yako tu. Andika apptainer pull docker:// ukifuatisha jina la imeji, nayo itaipakua na kukupa faili moja ya .sif, ambayo ndiyo Apptainer huiendesha. Fanya hivyo ukiwa chuoni, bando la simu litaishia njiani! Ila kazi ikitumia nodi (kompyuta za klasta) kadhaa, MPI, yaani programu inayowezesha michakato kuwasiliana, iliyo ndani ya kontena ioane na ya klasta, la sivyo kila mchakato unaweza kujiona uko peke yake.