Jaji Aliyepata Zaidi ya Nusu ya Kura na Bado Akaondoka

SWALI: Ndugu Mhariri, binamu yangu anayeishi Chicago ameniambia kuwa mwaka 2018 jaji mmoja wa Kaunti ya Cook aliondolewa na wapiga kura, ingawa waliotaka abaki walikuwa wengi kuliko waliomkataa. Hilo linawezekanaje? Na mtu huufikiaje ujaji wa namna hiyo?

JIBU: Binamu yako amekueleza kweli. Katiba ya jimbo la Illinois inamtaka jaji anayeomba kuendelea na kazi apate angalau asilimia 60 ya kura za ndiyo, na jaji huyo, ambaye chama cha Democratic cha kaunti yake kilikuwa kimekataa kumuunga mkono, alivuka nusu lakini hakufika hapo. Hilo lilikuwa halijatokea katika kaunti hiyo tangu mwaka 1990.

Safari yenyewe huanza kwenye uwakili. Wengi hupitia ofisi ya waendesha mashtaka, au ya mawakili wa umma wanaowatetea wasio na uwezo, kabla ya kugombea katika kura ya mchujo ya chama na kisha katika uchaguzi mkuu, ambao katika sehemu kubwa ya Cook huwa umekwisha kuamuliwa kwenye mchujo wa Democratic. Wapo pia majaji washiriki, ambao huchaguliwa na majaji wenzao kwa miaka 4, na wengine huteuliwa kwa muda na Mahakama ya Juu ya jimbo kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Aliyechaguliwa na wananchi hukaa miaka 6.

Baada ya hapo mambo hubadilika kabisa. Hana tena mpinzani wala nembo ya chama. Jina lake huwekwa peke yake kwenye karatasi ya kura, na mpiga kura huulizwa kama abaki au asibaki. Nia ya mpango huo ni njema, kwa kuwa jaji asiyelazimika kushindana kila mara hana sababu ya kuwapigia magoti wakubwa wa chama. Jimbo la Missouri lilianza mfumo wa aina hii mwaka 1940, baada ya watu kuchoshwa na siasa za akina Pendergast, wakubwa wa chama waliotawala mji wa Kansas City, ila huko jaji huteuliwa kwanza na gavana kutoka orodha ya majina matatu, na kura za wengi zinatosha kumbakiza. Pennsylvania nayo inaridhika na wingi huo kwa majaji wake wa kaunti, kila baada ya miaka 10.

Udhaifu wake, kwa maoni yangu, uko kwa mpiga kura kuliko kwa jaji. Katika Kaunti ya Cook majina ya majaji yanaweza kuzidi 50 kwenye uchaguzi mmoja, tena mwishoni mwa karatasi ndefu, na wengi huishia njiani. Asilimia huhesabiwa kwa waliojibu swali la jaji huyo tu, kwa hiyo wachache wenye hasira wana uzito mkubwa kuliko unavyodhani. Jaji naye, maadili ya kazi yanamkataza kuzungumzia kesi iliyo mbele yake au kuahidi jinsi atakavyoamua, hivyo anayeshambuliwa kwa hukumu fulani hana uhuru wa kujitetea alio nao mwanasiasa. Kimbilio la mpiga kura makini ni tathmini za vyama vya mawakili, vinavyotangaza nani anafaa na nani hafai.

SWALI: Akikataliwa, hukumu zake zinafutwa?

JIBU: Hapana. Hukumu hubaki halali, naye hukaa kitini mpaka muhula wake uishe mwezi Desemba. Baadhi ya majaji wametafuta njia ya kuikwepa asilimia 60: mwaka 2016 watatu wa Kaunti ya St. Clair, kusini mwa Illinois, hawakuomba kubakizwa, bali waligombea upya viti vyao wenyewe kwa tiketi ya chama, ambapo anayeongoza ndiye mshindi. Walipingwa mahakamani lakini wakaruhusiwa kugombea. Mmoja wao alishindwa hata hivyo.