Rosekoko Zimekunjamana: Ni Jua au Ni Njaa?

SWALI: Mwalimu, hujambo. Mvua ya Agosti ilitutisha hapa Njoro, tukang'oa maharagwe ya rosekoko maganda mengine yakiwa bado mabichi, tukayaambua siku hiyo hiyo na kuanika. Sasa punje nyingi zimekunjamana na ni nyepesi. Jirani anasema zilichomwa na jua. Mimi naona hazikushiba. Nani kasema kweli? Naweza kuzipanda Machi? Na mahindi yaliyobaki shambani nitajuaje yamekomaa?
Mama mkulima, Njoro, Nakuru

JIBU: Umesema kweli, mama. Hazikushiba. Jua lilitoa maji tu, na mahali palipongoja chakula pakabaki patupu, ngozi ikanywea.

Chukua punje nzuri, iloweke usiku kucha, uimenye. Itaachana vipande viwili vinene, na kati yake, karibu na lile kovu jeupe, utaona kimmea cha milimita chache chenye majani mawili yaliyokunjwa. Kimmea hicho na vile vipande viwili ni kitu kimoja: kiinitete. Vipande ni majani yake ya kwanza, na ndivyo tunavyopika. Miaka niliyofundisha biolojia Kakamega, tulidondoshea iodini kwenye kipande kilichokatwa, nacho kikageuka bluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi. Huo ni wanga, nao umo ndani ya seli za kiinitete chenyewe.

Ulifikaje humo? Majani hutengeneza sukari, mishipa ikaisafirisha hadi kwenye ganda, kisha ikapita kikonyo kifupi na kufika ngozi ya mbegu. Hapo mishipa inakoma. Hakuna hata mmoja unaoingia kwenye kiinitete. Ngozi hutoa sukari na amino asidi (vijenzi vya protini) katika upenyo mwembamba, na seli za kiinitete huzivuta zenyewe. Ni kama mtoto aliye tumboni: analishwa na mama, lakini damu zao hazichanganyiki.

Mwanzoni seli hizo haziweki akiba. Zinagawanyika tu, na sukari bado ni nyingi, ndiyo maana punje mbichi zina utamu fulani. Baadaye mgawanyiko unakoma, na inaanza kazi ninayoistaajabia kuliko zote katika maisha ya mmea. Sukari inaingia katika vifuko maalumu ndani ya seli na kuunganishwa kuwa chembe za wanga. Amino asidi zinaungwa kuwa protini, hasa ile iitwayo faseolini, kisha zinapelekwa kwenye vakuoli, yaani vyumba vya kuhifadhia vilivyo ndani ya seli. Vakuoli ile ya awali, kubwa na iliyojaa maji, inaachia nafasi vakuoli nyingi ndogo zilizoshindiliwa protini. Punje ikikauka, protini huwa asilimia 20 hadi 25 ya uzito wake, na wanga ni zaidi ya hapo. Njugu karanga nazo huweka akiba hivyo hivyo ndani ya kiinitete, ila kubwa kwao ni mafuta, karibu nusu ya uzito.

Ganda linapogeuka njano, kujaza kunakaribia kwisha, ingawa nusu ya uzito wa punje au zaidi bado ni maji. Ndipo kiinitete kinajiandaa kukauka bila kufa: kinatengeneza protini za kulinda seli, pamoja na sukari kama rafinosi na stakiosi. (Hizo mbili ndizo zinazotujaza gesi tumboni.)

Kwa hiyo kilichokuponza ni kung'oa mapema, na kuziambua siku ile ile kukaongeza hasara. Mmea uking'olewa majani hayaleti kitu tena, lakini ganda bichi bado lina chakula kidogo cha kuipa punje, na kukauka polepole ndani yake kunakipa kiinitete muda wa kujiandaa. Mvua ikikutisha tena, ning'iniza mimea mizima chini ya paa penye upepo.

Zilizokunjamana zipikeni. Mche wa maharagwe huinua vile vipande viwili juu ya udongo na kuvitegemea mpaka majani ya kweli yaanze kazi. Vikiwa vitupu, mche hudumaa hata ukiuwekea mbolea. Katika zile zilizojaa, tandaza punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, uhesabu zilizoota baada ya wiki moja hivi.

Mahindi ni tofauti. Akiba kubwa hubaki nje ya kiinitete, katika ile sehemu nyeupe inayotupa unga. Kiinitete, yaani kile kiini laini cha upande mmoja, huweka mafuta, na ndiyo sababu unga uliosagwa na kiini chake huchacha mapema kuliko wa mahindi yaliyokobolewa. Kujua yamekomaa, chomoa punje katikati ya gunzi na ukwaruze ncha iliyoshikana nalo. Ukiona tabaka jeusi, njia ya chakula imefungwa, punje haiongezewi kitu tena. Unaweza kuvuna hata unyevu ukiwa asilimia 30 hivi, mradi uyakaushe hadi 13.5 kabla ya kuyatia guniani.