Maiki inapiga mluzi, twita zinaungua: majibu kwa wenye prosesa za sauti

Maswali ya wiki hii karibu yote yanahusu prosesa ya sauti, ile inayoandikwa DSP kwenye boksi. Kwa ambaye hajawahi kuishika: ni kifaa kinachokaa kati ya miksa na amplifaya. Kinagawa sauti, besi iende sabwufa na ya juu iende twita. Kinakata masafa yanayosumbua, kinachelewesha sauti ya spika unayotaka, na kinaiwekea amplifaya kikomo. Ukiangalia vizuri, karibu kazi zake zote ni za kupunguza. Anayeinunua akitegemea iongeze kitu ndiye anayerudi dukani Kariakoo kugomba.

Kanisani kwetu tumefunga prosesa, tumechezea ikwalaiza mpaka tumechoka, lakini washirika wa nyuma wanasema sauti wanaisikia, maneno hawayashiki. Jengo lina paa la bati, sakafu ya vigae na kuta tupu. Tunakosea wapi? – Fundi mitambo wa kanisa, Kimara

Ndugu yangu, jibu umeliandika mwenyewe kwenye sentensi ya pili. Bati, vigae, kuta tupu: sauti ikitoka kwenye spika haina pa kufia. Inagonga ukuta wa nyuma, inarudi, inapanda kwenye bati, inashuka tena, na wakati huo mchungaji ameshasema maneno mengine matatu.

Angalia kinachotokea kwa maneno yetu. Kiswahili kina irabu nyingi, na irabu ndizo zenye nguvu. Mchungaji akisema "pata", ile "a" ya kwanza inabaki hewani na kuifunika "t" inayofuata. Konsonanti kama t, k na s ni fupi na dhaifu, na sehemu kubwa ya utambulisho wake iko juu ya Hz 2,000 (Hz ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde; namba ikiwa kubwa, sauti ni ya juu). Kwa mtu wa benchi la mwisho, "pata", "paka" na "pasa" zote zinafika kama "pa-a". Anabaki kukisia kutokana na mada.

Prosesa inatawala kinachotoka kwenye spika. Kinachorudi kutoka ukutani haikiwezi, iwe ya laki mbili au ya milioni tatu. Kwa hiyo anza na jengo. Pandisha spika juu ya vichwa, kisha ziinamishe zitazame watu, zisitazame ukuta wa nyuma. Ukuta huo wa nyuma uvalishe pazia zito lenye mikunjo, uliache mbali kidogo na ukuta, hata sentimita 10 au 15. Likibanana na ukuta linafanya kazi ndogo. Na usipime sauti Jumamosi kanisa likiwa tupu ukadhani umepata jibu, kwa sababu miili ya watu na nguo zao hunyonya sauti sana. Jumapili kanisa likijaa ni jengo lingine kabisa.

La pili ni umbali. Sauti inayotoka moja kwa moja kwenye spika hushuka karibu desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapozidishwa mara mbili, lakini mwangwi umejaa jengo zima kwa kiwango kinachokaribiana. Ndiyo maana wa mbele wanafurahi na wa nyuma wanalalamika. Mkiongeza sauti, mwangwi nao unapanda, mnabaki palepale. Dawa ni spika mbili ndogo katikati ya kanisa, zenye dilei, yaani sauti yake inacheleweshwa kidogo. Nimeeleza hesabu yake kwenye swali la Kigamboni hapo chini.

Baada ya hayo ndipo prosesa iingie. Kwenye sauti ya mhubiri kata yote yaliyo chini ya Hz 100. Kati ya Hz 250 na 400, penye uzito unaofanya sauti isikike kama inatoka ndani ya pipa, punguza desibeli 3 au 4 kwa upana, yaani pamoja na masafa ya jirani. Usikimbilie kupandisha ya juu. Na wakati wa mahubiri zimeni maiki za kwaya! Kila mkizidisha idadi ya maiki zilizo wazi mara mbili, mnapoteza desibeli 3 za nafasi kabla ya mluzi, na maiki zile zote zinaokota mwangwi na kuurudisha kwenye spika.

Prosesa ikae kabla au baada ya miksa? Na taa nyekundu zinawaka muda wote, ni kawaida? – Mama mwenye ukumbi, Sinza

Baada ya miksa, kabla ya amplifaya, mama. Taa nyekundu si kawaida. Maana yake sauti imefika mwisho wa kipimo na inakatwa vichwa, na kilichokatwa hapo hakuna kifaa mbele kinachoweza kukirudisha. Mwambie fundi wako ashushe gaini kwenye miksa mpaka taa za njano ziwake mara mojamoja tu, kisha sauti aipandishie kwenye amplifaya. Vijana wengi hufanya kinyume: miksa juu kabisa, amplifaya nusu. Halafu wanalaumu spika.

Kaka, mimi ni MC wa sendofu na harusi. Nikishuka kwenda kwa wazazi meza ya mbele, maiki inapiga mluzi. Fundi wangu anasema prosesa yake ina kitufe cha kuzuia mluzi. Kinasaidia? – MC, Mbagala

Kinasaidia, ila kidogo kuliko anavyokuahidi. Kifaa hutafuta sauti inayojirudia na kukita penye masafa fulani, kisha hukata palepale kwa wembamba. Shida yake kikiachwa kifanye kazi chenyewe muda wote, huanza kukata hata noti ndefu za mwimbaji au tarumbeta kwa kudhani ni mluzi. Afanye hivi kabla wageni hawajaingia: ufungue maiki yako, usimame pale utakapokuwa unasimama, yeye apandishe polepole mpaka ianze kulia. Atafute masafa yale, ayapunguze desibeli 3 mpaka 6, kwa wembamba. Apandishe tena, akamate ya pili. Akifika ya nne au ya tano aache. Akiendelea kukata, sauti yako itabaki nyembamba na bado utataka iongezwe, mtakuwa mnazunguka.

Ila sasa na wewe nikuambie. Ma-MC wa mjini mna tabia ya kukumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja, kama wana hip hop. Maiki za mkononi zilizo nyingi zimetengenezwa zisisikie kinachotoka nyuma yake, na kinachofanya kazi hiyo ni matundu yaliyo nyuma ya wavu. Ukiyaziba kwa mkono, maiki inaanza kusikia pande zote, pamoja na spika iliyo mgongoni kwako. Shika mpini. Na mwombe fundi asogeze spika za mbele zipite usawa wa meza ya wazazi, usiwe unatembea mbele yake. Hayo mawili yanazidi kitufe chochote.

Honi za mnarani kwetu zinakwaruza, hasa muadhini mwenye sauti nzito akiadhini. Tumeshabadilisha dreva, ile sehemu ya honi inayotoa sauti, mara mbili. Tufanye nini? – Katibu wa kamati ya msikiti, Buguruni

Ustadhi, honi ya mnarani haikuumbwa kwa besi. Nyingi hazitoi kitu cha maana chini ya Hz 300. Ukiipelekea sauti nzito, haitoki nje. Inaishia kukitikisa kiwambo cha dreva kupita uwezo wake, na huo ndio mkwaruzo mnaousikia, na ndio unaoua dreva. Kama mnatumia laini ya volti 100 yenye transfoma, besi inazidi kuharibu, kwa sababu transfoma ndogo hulemewa na masafa ya chini kwanza.

Kwenye prosesa toeni tokeo moja kwa ajili ya honi peke yake. Kateni kila kitu chini ya Hz 350 hivi, kwa mteremko, yaani ukali wa kukata, wa desibeli 24. Kisha sikilizeni mkiwa barabarani, msisikilize mkiwa chini ya mnara: kama inachoma masikio, punguzeni kidogo kati ya Hz 2,000 na 3,000. Wekeni na limita, kile kikomo ambacho sauti haivuki. Spika za ndani ya msikiti zipate tokeo lake tofauti, lenye uzito wake wa kawaida. Kutumia mpangilio mmoja kwa honi na spika za ndani ni kuonea pande zote mbili.

Tunafunga mitambo kwenye harusi za turubai. Tukiweka spika za ziada nyuma, wageni wanasikia kila neno mara mbili. Dilei inahesabiwaje? – Kijana wa mitambo, Kigamboni

Swali zuri, na ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote kwenye prosesa. Umeme unafika spika ya nyuma papo hapo. Sauti ya spika ya mbele inasafiri kwa miguu. Kwa joto letu la nyuzi 30 hivi, sauti hukimbia karibu mita 349 kwa sekunde, sawa na milisekunde 2.87 kwa kila mita moja. Pimeni kwa futi kamba kutoka spika ya mbele mpaka ya nyuma. Ikiwa ni mita 25, zidisha: unapata milisekunde 72 hivi. Hiyo ndiyo dilei ya spika ya nyuma.

Ongezeni juu yake milisekunde kama 10. Mjerumani Helmut Haas alionyesha mwaka 1949 kwamba sikio huamini sauti iliyotangulia kufika: nakala ikifuata ndani ya muda mfupi, milisekunde 30 hivi, mtu haisikii kama sauti ya pili, anaona tu kwamba sauti imekaza, na bado anahisi inatoka mbele. Kwa hiyo mgeni wa meza ya mwisho atasikia maneno vizuri kutoka spika iliyo karibu naye, huku akili yake inamwambia yanatoka kwa bwana harusi. Spika za nyuma zisiwe na sauti kubwa kushinda za mbele, na zikateni besi. Besi ya mbele inafika yenyewe.

Mkimaliza, mmoja apige njiti mbili za mbao kwenye maiki, mwingine asimame nyuma. Akisikia "ka" moja, mmepatia. Akisikia "ka-ka", rudini kwenye futi kamba. Na angalieni kipimo cha prosesa: baadhi huandika futi, wengine mita, wengine milisekunde. Nimeona harusi nzima ikiharibiwa na futi 25 zilizowekwa mahali pa mita 25.

Napiga singeli. Spika zangu zina amplifaya tofauti ya twita, lakini twita zinaungua kila baada ya shughuli chache. Fundi anasema ninunue za wati kubwa. – DJ, Tandale

Usinunue kwanza. Singeli ni ya kasi na haina pumzi: milio ya juu inapigwa mfululizo, twita haipati nafasi ya kupoa. Hilo tu lingevumilika. Tatizo linaanza usiku wa manane, jenereta limeshuka nguvu, watu wamepanda mzuka, na wewe unasukuma fada. Amplifaya inaanza kukata vichwa vya mawimbi, na sauti iliyokatwa inabeba nguvu zaidi na milio ya juu ambayo hata haikuwamo kwenye wimbo. Yote inaishia kwenye twita.

Weka limita, tena kwa hesabu, sio kwa kukisia. Tuseme twita yako ni ya wati 50 za kuendelea na omu 8. Zidisha 50 kwa 8, unapata 400. Kipeuo chake cha pili ni 20. Hizo ni volti ambazo twita isivuke. Soma amplifaya yako inakuza mara ngapi. Ikiwa imeandikwa desibeli 32, ni mara 40. Gawa 20 kwa 40: nusu volti. Hicho ndicho kikomo cha tokeo la twita kwenye prosesa, karibu −4 dBu, kipimo kingine cha volti za sauti. Wati zilizoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi usizitumie, tafuta zile za kuendelea.

Angalia na krosova, yaani mahali masafa yanapogawanywa kati ya spika. Twita iliyotengenezwa ianzie Hz 2,000 wengine wanaikata Hz 1,000 ili "iwe na sauti nene". Hapo unaibebesha kazi ya midi, spika ya sauti za kati. Fuata karatasi ya mtengenezaji, na uchague mteremko wa Linkwitz-Riley wa desibeli 24; upo kwenye menyu ya prosesa karibu zote, na spika mbili zinaungana vizuri mahali zinapokutana. Ukiwasha mitambo, amplifaya iwe ya mwisho. Ukizima, iwe ya kwanza.

Naweza kupima sauti ya ukumbi kwa simu? – Msomaji, Tegeta

Kwa kutafuta mluzi uko Hz ngapi, inatosha. Kwa kurekebisha besi, hapana. Maiki ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Nunua maiki ya kupimia, chomeka kwenye kompyuta, tumia programu ya bure kama Room EQ Wizard. Pima sehemu tano au sita ambazo watu hukaa, si moja tu mbele ya jukwaa, na urekebishe lile linaloonekana kote. Shimo linaloonekana sehemu moja tu liache, mara nyingi ni mawimbi mawili yanauana hapo, na ukilijaza kwa ikwalaiza unawaumiza waliokaa meza zingine.

Majirani wanalalamikia baa yangu na NEMC, wasimamizi wa mazingira, wameshanitembelea. Prosesa itanisaidia? – Mwenye baa, Kinondoni

Itasaidia mambo mawili. Limita ikifungwa kwa namba ya siri, DJ mgeni hawezi kuvuka kiwango mlichokubaliana, hata akipewa bia ngapi. Na kukata chini ya Hz 45 kwenye sabwufa kunapunguza ule mtikisiko unaopita ukutani na kuingia chumbani kwa jirani. Ila spika zilizoelekea barabarani zigeuze leo jioni, hiyo haihitaji prosesa wala fundi.